Posa kwa Mganga Mfawidhi

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Ngara, wenye afya na wasio nayo, kwamba wilaya imempata shujaa. Shujaa huyo si wa vita, si wa mbio, wala si wa kilimo bora cha kahawa. Ni muuguzi. Jina lake Anastazi Ndizeye, mkazi wa Murukulazo, mume wa Anjelika, baba wa watoto wasiomsikiliza, mmiliki wa baiskeli isiyo na breki ya nyuma. Huyu ndiye mtu wa kwanza katika historia ya hospitali yetu kumwambia mganga mfawidhi, mbele ya wageni, jambo ambalo mganga mfawidhi hakutaka kulisikia, na bado mshahara ukaendelea kuingia. Wananchi wasimame. Walio kwenye dripu wanaruhusiwa kubaki wamelala.

Sasa kaeni, maana habari yenyewe ina kona, na inaanza vibaya.

Jina la hospitali sitalitaja. Naugua kama watu wengine, na wale wana sindano.

Anastazi ana kazi mbili. Ya kwanza ni uuguzi, ambao serikali humlipia. Ya pili hulipwa kwa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na ndiyo iliyompa jina: ni msemaji wa posa. Kuanzia Mabawe mpaka Murukulazo, kijana akitaka kuoa, ukoo wake huenda kwanza kwa Anastazi, halafu kwa padri, halafu, muda ukiruhusu, kwa binti mwenyewe.

Kazi ya msemaji wa posa ni kutosema kilichomleta. Anaingia na ujumbe wake, anakaa, anasalimia mpaka salamu zinaisha, kisha anasifu. Anasifu ua uliofagiwa, anasifu migomba, zizi, mama mwenye nyumba, hata mbwa. Mwenyeji anauliza mara ya kwanza: karibuni, mna habari gani? Msemaji anajibu kwamba habari ni njema, walikuwa wanapita tu. Mwenyeji anauliza mara ya pili: hamkupita bure, kuna shida? Msemaji anasema shida haikosekani duniani, ila si ya kumharibia mwenyeji siku, na anarudi kwenye migomba. Ni pale mwenyeji anapouliza mara ya tatu ndipo msemaji anafungua mdomo na kumtaja binti. Anayemtaja kabla ya hapo ni mhuni, na mahari hupanda papo hapo. Na mwenyeji asipouliza mara ya tatu, maana yake ni moja: binti hatoki, kunyweni mwende zenu. Hakuna ugomvi. Kila mtu amekataliwa kwa heshima.

Kwetu mtoto anayajua haya kabla hajajua kusoma. Daktari Laurian, mganga mfawidhi wetu, anayajua zaidi ya wengi, kwa sababu alipotaka mke kule Mabawe, msemaji wake alikuwa Anastazi. Alisifu migomba ya yule mkwe mtarajiwa mpaka mzee wa watu akainamisha uso, maana ilikuwa imepigwa na mnyauko na haikuwa imebaki hata moja yenye mkungu. Daktari alikuwa ameketi pembeni ndani ya koti la kuazima, jasho likimtoka, akisubiri swali la tatu. Kumbukeni hilo koti.

Basi, shida ya Anastazi ilikuwa hii. Zamu ya usiku, hospitali yetu humweka muuguzi mmoja kwenye wodi mbili: ya wazazi na ya wanaume. Kati ya wodi hizo kuna ukumbi, kuna ngazi, halafu uwanja usio na paa. Uongozi huuita mpango huo matumizi bora ya rasilimali watu. Wauguzi huuita kukimbia.

Katika zamu yake iliyopita, Anastazi alikuwa wodi ya wanaume akimzuia mzee mmoja asianguke kitandani, mzee anayepigana na homa akidhani anapigana na shemeji yake. Kule wodi ya wazazi, mama mmoja aliyeletwa kutoka Lukole akajifungua bila kumsubiri mtu. Mtoto alidakwa na bibi yake kwa kitenge. Anastazi alipofika, anahema, alikuta kazi imekwisha na bibi anamwangalia kama watu wanavyomwangalia fundi aliyekuja baada ya mvua kunyesha ndani.

Mtoto alilia vizuri. Mama alikuwa salama. Lakini asubuhi, kwenye kikao cha ripoti, Daktari Laurian aliuliza.

"Mzee wangu, wakati huo ulikuwa wapi?"

"Wodi ya wanaume, daktari."

"Na wodi ya wazazi alikuwepo nani?"

"Bibi wa mtoto."

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayekuombea: "Mungu ametusaidia. Mtoto angefariki, ingebidi tuandike uzembe wa muuguzi."

Sentensi hiyo iliingia sikioni mwa Anastazi ikapanga chumba. Akiendesha baiskeli, ilikuwa nyuma kwenye keria. Akilala, ilikuwa upande wa ukutani. Na zamu yake ya usiku ilikuwa inarudi Jumatatu.

Ndipo ikaja habari kwamba Ijumaa, kabla ya Jumatatu hiyo, wangekuja wageni kutoka mkoani, kwenye kile kinachoitwa usimamizi shirikishi, na kwamba kwenye ratiba kulikuwa na kipengele cha kusikiliza maoni ya wauguzi kuhusu uongozi na mazingira ya kazi.

Nieleze kwamba wauguzi wetu maoni wanayo. Yanaishi nyuma ya jengo la kufulia, kwenye kamba za kuanikia, na yana afya njema kuliko wagonjwa wote. Kila anayekwenda kuanika anayakuta, anayalisha, anayaacha. Tatizo ni kwamba hakuna oni lililowahi kutembea kutoka kambani mpaka ukumbini likarudi salama. Wa mwisho kujaribu alikuwa Gervas, kijana mzuri, aliyenyoosha mkono kikaoni akauliza kwa nini glavu zinaisha kila mara na zawadi za krismasi za uongozi haziishi. Leo Gervas yuko zahanati moja kule barabara inakochoka, ambako yeye ni tabibu, mkunga, mfagiaji na mlinzi, na maoni yake anawapa mbuzi.

Basi wakakusanyika kambani, kati ya mashuka yaliyolowa, kumchagua wa kusema. Macho yote yakamwendea Anastazi.

"Mzee wetu ndiye anajua kuongea," mmoja akasema. "Kaozesha nusu ya kata."

Aliyepinga alikuwa Ernesta, muuguzi wa chumba cha sindano, Msukuma wa Biharamulo, ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na kuacha huko kila kitu isipokuwa ng'ombe na ukweli.

"Kuongea anajua," akasema, "ila hafiki. Nilikwenda kwenye posa ya kaka yake Iteka, muuguzi mwenzetu. Tumekaa mpaka kuku wakaingia kulala, baba huyu bado anasifu zizi."

"Na mke alipatikana," Anastazi akasema.

"Alipatikana, sikatai. Lakini hapa hatuoi, mzee. Tunataka mtu wa pili usiku, basi. Kwetu tunataja ng'ombe kwanza, salamu baadaye."

"Ndiyo maana mnalipa ng'ombe wengi."

Watu wakacheka, Ernesta naye akacheka, lakini hakuacha. "Atazunguka huyu. Nawaambia atazunguka."

"Basi sema wewe."

Ernesta akaligeuza shuka moja kambani, akalinyoosha ingawa lilikuwa limenyooka. "Mimi nina mkataba wa muda," akasema. "Na mdomo wangu nao ni wa muda."

Hapo mjadala ukaisha. Anastazi akakubali kama mtu anavyokubali kuchomwa sindano, kwa kugeukia upande mwingine.

Kesho yake alikutana na Daktari Laurian kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje. Hakukutana naye kwa bahati. Daktari alikuwa amesimama pale akisoma bango la kunawa mikono ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelibandika.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, daktari."

"Mama hajambo? Kahawa imechanua?"

"Hajambo. Imechanua vizuri."

"Kahawa ya Murukulazo," daktari akasema, akatikisa kichwa kwa mapenzi. "Nasikia Ijumaa una maoni."

"Ya wauguzi, daktari. Mimi ni mdomo tu."

"Vizuri sana. Uongozi wangu unapenda maoni. Unajua ile zahanati alipo Gervas? Wameandika wanaomba mtu wa pili. Nikajiuliza, nani tunaye hapa mwenye maoni, akamsaidie kijana." Akamgonga bega taratibu, kwa upole, kama mtu anayejaribu kama tikiti limeiva. "Nisalimie mama."

Naomba ieleweke kwamba hakuna kanuni ya utumishi wa umma iliyovunjwa hapo. Kijana alimwamkia mkubwa wake, akauliza habari za mazao, akaondoka. Ukimshitaki, hakimu atampa zawadi ya malezi bora.

Tumbo la Anastazi lilipata habari kabla ya kichwa chake. Jioni ile Anjelika alipakua ugali na maharage, mumewe akauzungusha ugali ule mkononi mpaka ukawa mpira, akaurudisha. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Alipoulizwa alisema anaangalia migomba.

"Giza lote hili unaiangalia nini, imekuambia inaumwa?" Anjelika akauliza.

Akamweleza. Mkewe alisikiliza bila kuacha kuchambua choroko.

"Ukihamishwa mimi sihami," akasema. "Kahawa haina magurudumu. Na mama yangu simwachi."

"Sijasema tuhame."

"Basi usiseme kitu. Waache waseme vijana."

"Nisiposema, Jumatatu nakimbia."

"Utakimbia. Umekimbia miaka yote."

"Nikikimbia, na safari hii bibi hayupo?"

Vidole vya Anjelika viliendelea na choroko, lakini sasa alikuwa anazitoa nzima na kuziacha mbovu. Kisha akasema: "Basi sema. Ila useme kwa adabu, wasije wakasema mume wangu ni mgomvi."

"Nitasema kwa adabu."

Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, maana Anastazi anajua aina moja tu ya adabu.

Ijumaa hospitali iliamka imeoga. Mashuka ya wageni yalitolewa stoo. Haya ni mashuka mapya, meupe, yenye mikunjo ya kiwandani, ambayo hutandikwa wageni wakija na kurudishwa wakiondoka. Wagonjwa waliambiwa wasigeuke hovyo na, inapowezekana, wasitoke jasho. Mgonjwa mmoja aliomba kwenda kulala chini mpaka mambo yaishe. Matroni Ildefonsa alipita kitanda kwa kitanda akinyoosha pembe, na pale alipokuta mtu ndani ya shuka, alinyoosha na mtu.

Wageni wakaja. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani mikubwa na uso wa upole, mzaliwa wa Mtwara, aliyehamishiwa mkoa wetu juzijuzi. Alizunguka wodi, akaona mashuka, akaandika. Kisha tukaingia ukumbini, ambako nyuma, kwenye meza ndefu, masufuria ya pilau na kuku yalikuwa tayari yamefunikwa na yananukia. Utaratibu huo umefikiriwa. Hakuna anayelalamika kwa muda mrefu akiwa anasikia harufu ya kuku.

Daktari Laurian alitoa takwimu. Takwimu zote zilikuwa zinapanda, isipokuwa zile zinazotakiwa kushuka, ambazo zilikuwa zinashuka. Kisha akafungua mikono.

"Sasa tuwasikie wauguzi wetu. Karibu, mzee Anastazi. Una habari gani?"

Anastazi akasimama. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kuanza na neno zamu. Alilishika mkononi, karibu alitoe. Lakini ameulizwa ana habari gani, na mtu aliyeulizwa hivyo na mwenyeji wake kwa miaka yote ile, ulimi wake haumsubiri.

"Habari ni njema," akasema. "Tunashukuru kupokelewa."

Kule nyuma, Ernesta akafumba macho.

Anastazi akasifu. Alisifu lango jipya. Alisifu rangi ya ukutani. Alisifu maua kando ya chumba cha maiti, kwamba yanamfariji hata asiyeona. Alisifu jenereta, ambalo hunguruma kama fahali hata siku lisipotoa umeme. Akamsifu Daktari Laurian, kijana aliyewalea wazee wake, mwenye sikio la kila mtu. Alipofika kwenye utulivu wa viongozi sauti yake ilikuwa imepata joto, mkono umeanza kucheza, na kama mngemwekea kibuyu mbele mngepata harusi. Mama mgeni alikuwa anaandika kwa kasi, uso unang'aa. Katika kazi yake hakuwa amewahi kukutana na wauguzi wenye furaha namna hii.

Akainua kichwa. "Asante sana, baba. Na je, kuna changamoto yoyote?"

Mara ya pili. Ernesta alikohoa kikohozi ambacho wodi ya kifua wangekilaza.

"Changamoto haikosekani nyumbani kwa watu, mama," Anastazi akasema, akainama kidogo. "Lakini si ya kumharibia mgeni siku."

Akasubiri.

Alimtazama mama mgeni, na mama mgeni alikuwa anafunga kalamu. Kwao Mtwara, mtu akisema si ya kukuharibia siku, unamshukuru na siku inaendelea. Alimtazama Daktari Laurian. Na daktari, nawaambieni, alijua. Alijua tupo wapi kwenye hotuba ile kama padri anavyojua yupo wapi kwenye misa. Aliwahi kulisubiri swali hilo ndani ya koti la kuazima. Macho yao yalikutana, na katika macho ya daktari Anastazi aliiona posa yote, mwanzo mpaka mwisho, na akaona kwamba safari hii mwenye binti ni daktari.

Daktari akasimama, akatabasamu kama baba mkwe.

"Niwashukuru wauguzi wangu kwa kuridhika kwao," akasema. "Tumalize kwa sala."

Tukamaliza kwa sala. Anastazi naye aliitikia amina, maana amina ni mazoea. Kisha akakaa. Watu wote waliinuka kwenda kwenye masufuria. Ernesta alipita karibu na kiti chake bila kusimama.

"Umepata mke, mzee?"

"Hakuniuliza mara ya tatu."

"Jumatatu daktari atakuuliza ulikuwa wapi."

Anastazi hakuinuka. Alibaki kwenye kiti chake katikati ya ukumbi, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja, macho mbele. Foleni ya chakula ilimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Ildefonsa alimwonea huruma akamletea sahani: pilau, paja la kuku, kachumbari pembeni. Anastazi akashukuru. Hakuigusa. Mvuke ukapanda, ukapungua, ukaisha.

Kwanza hakuna aliyeona. Halafu mmoja akamgusa mwenzake. Halafu meza nzima ya wauguzi ikaacha kutafuna, maana kuna jambo moja sijawaeleza, ambalo kwetu hutajwa zaidi kuliko kufanywa. Msemaji aliyenyimwa swali la tatu ana silaha moja tu. Anabaki kitini na hali chakula. Hatukani, hanuni, hainuki. Anakiacha kipoe mbele ya watu. Hakuna aibu inayoshinda hiyo; ua wako unaweza kusemwa mpaka wajukuu. Mwenyeji hana njia ila kuuliza. Wazee wanasema silaha hiyo ilitumika zamani, huko Mabawe, na mchumba akatolewa na ndama juu.

"Amekataa sahani," mtu akanong'ona.

"Nani?"

"Mzee Anastazi. Kakataa sahani ya mganga mfawidhi."

Minong'ono ikafika meza kuu. Daktari Laurian alikuwa na bawa la kuku njiani kuelekea mdomoni. Bawa likasimama. Alimwangalia Anastazi, akaiangalia sahani, akayaangalia masufuria kana kwamba yamemsaliti. Lakini usidhani alikosa akili. Aliita kutoka palepale alipo, kwa furaha:

"Mzee wangu, kula bwana, kinapoa."

Hilo si swali. Lilikuwa agizo lililovaa nguo ya ukarimu, na nusu ya ukumbi ilitambua ufundi wake.

"Asante, daktari," Anastazi akasema. Hakula. Paji la uso lilikuwa linang'aa jasho. Midomo ameibana. Ernesta aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mtu amekaa kwa nguvu namna ile.

Daktari akasogeza kiti chake, akakaa kati ya mama mgeni na aibu. Akaanza kumsimulia habari za maporomoko ya Rusumo, jinsi maji yanavyoanguka, yanakotoka, yanakokwenda. Alisimulia maji mengi. Lakini mama mgeni alikuwa mtu wa malezi, na mtu wa malezi hawezi kula kwa amani mahali ambapo mzee amekaa na sahani iliyojaa. Alichungulia pembeni ya bega la daktari. Akachungulia tena. Mwishowe akaweka kijiko chini, akamkata kauli katikati ya maporomoko.

"Samahani, daktari. Baba, mbona huli? Una nini?"

Mara ya tatu.

Sijui kama mmewahi kusikia ukumbi mzima ukishusha pumzi. Daktari Laurian alifumba macho kidogo tu, kama mtu anayehisi pamba ya spiriti na anajua kinachofuata.

Anastazi akasema akiwa amekaa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alisema bila mgomba wala zizi.

"Mama, tunaomba muuguzi wa pili zamu ya usiku. Wodi ya wazazi na ya wanaume zina mtu mmoja. Mtoto amedakwa na bibi yake kwa kitenge, mimi niko wodi nyingine. Huyo tulimpata. Anayekuja sijui."

Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyempinga. Kijiko kilisikika kikiteleza kwenye sahani ya mtu.

"Jumatatu usiku yupo nani?" mama mgeni akauliza.

"Mimi."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mama akageuka. "Daktari?"

"Suala hilo lipo kwenye mchakato," Daktari Laurian akasema.

"Mchakato unaisha lini?"

Daktari aliangalia bawa lake la kuku, ambalo halikuwa na ushauri. "Unaisha Jumatatu," akasema.

Anastazi aliinuka kitini, akamshukuru mama mgeni, akamshukuru mwenyeji, akatoka ukumbini kwa hatua za haraka sana, bila kumwangalia mtu. Tulimpigia makofi akitoka. Wengine wanasema alikuwa anazuia machozi.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Vumbi la gari la wageni lilikuwa bado hewani mashuka yakirudi stoo. Daktari Laurian alisifiwa kwenye taarifa ya mkoa kwa uongozi unaowasikiliza wauguzi, na kwa sasa yeye mwenyewe anaamini hivyo. Anastazi hakuhamishwa. Lakini mpaka leo, daktari akimwamkia, mzee husimama kwanza kuhakikisha ni salamu. Na muuguzi wa pili akapatikana: Ernesta. Alitolewa chumba cha sindano, ambako mchana sasa kumebaki mtu mmoja anayekimbia, na maoni kuhusu jambo hilo yanapatikana kambani, saa za kuanika.

Murukulazo yote imeshaisikia habari. Vijana wanaotaka kuoa hawamwombi tena Anastazi awasemee tu, wanaomba awafundishe kukataa sahani. Kule Mabawe mzee mmoja amesema mila haikufa, ilikuwa imepumzika.

Jumatatu ile, jua likiwa bado juu ya migomba, Anastazi na Ernesta walipokea zamu pamoja. Wodi ya wazazi ilikuwa na kinamama wawili wenye uchungu. Kule ng'ambo ya uwanja yule mzee wa homa alikuwa ameanza kumtafuta shemeji yake. Anastazi alianza kukimbia kwa mazoea, akafika mlangoni, akakumbuka, akarudi taratibu. Ernesta alikuwa anapanga vifaa vya kuzalishia, anamtazama kwa heshima ambayo haikuwa kawaida yake.

"Mzee, mimi nilikusema vibaya kambani. Nisamehe."

"Yameisha."

"Ila niambie kitu kimoja, hapa tupo wawili. Ile sahani uliipanga tangu nyumbani, au ilikujia palepale? Maana umekaa pale kama mlima. Kuku yuko mbele yako, humwangalii. Mganga mfawidhi anakuita, huinuki. Mimi nisingeweza. Ulipata wapi ule moyo?"

Anastazi alivaa glavu ya kulia, akavaa ya kushoto, akazivuta mpaka zikakaa.

"Nilikuwa naharisha," akasema.